Moyo wa Babu, Upande wa Ndani

Kila akitoka shule, Pini hupitia kibandani kwa babu yake, fundi cherehani. Kazi yake ni kutunga uzi kwenye sindano, maana macho ya babu, kwa maneno yake mwenyewe, "yalishastaafu bila kuaga." Hata jina la Pini alipewa na babu huyo huyo, siku alipokalia pini akiwa na miaka mitatu na mtaa mzima ukajua.

Akimaliza uzi, Pini hukagua nguo zilizoshonwa. Huzigeuza kwanza.

"Nje hata mimi najidanganya," babu humwambia. "Nionyeshe ndani."

Jumatatu moja, babu akiwa anakanyaga cherehani, miguu yake ilisimama ghafla. Alishika kifua, akalaza kichwa juu ya suruali ya mteja.

"Babu! Babu!"

Baada ya kitambo kidogo aliinua kichwa, uso umelowa jasho. "Nilikuwa naisikiliza hii suruali."

"Hii ni mara ya tatu, babu!"

"Shh! Bibi yako asijue, atanifungia kibanda. Niahidi."

Pini aliahidi.

Bibi alikuwa ameona kwamba mumewe anahema sana akipanda ngazi, basi. Hilo tu lilimtosha kumpangia kipimo cha moyo siku ya Alhamisi. Babu akafunga kibanda siku mbili nzima, akawa analala na kutembea polepole kama bwana harusi.

"Naupumzisha moyo," alimnong'oneza Pini. "Uende hospitali umenyooka, umepigwa pasi."

Alhamisi mchana wakaenda wote watatu. Muuguzi alimlaza babu kitandani, akambandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, kisha akaviunganisha kwa nyaya na mashine ndogo.

"Mwanangu, umeme huo usinikaange," babu akasema. "Na gundi hiyo iziachie nywele zangu tatu zilizobaki."

Muuguzi akacheka. "Mashine haikuingizii umeme, mzee. Moyo wako wenyewe una umeme kidogo unaoufanya upige. Hii ECG inausoma na kuuchora tu. Haiumi. Tulia, usiongee."

"Hapo pa kutoongea ndipo pagumu," bibi akasema.

Karatasi ikatoka taratibu, imejaa vilima vidogo vyenye ncha, vimepangana sawasawa kama mshono.

Daktari aliitazama. "Mchoro mzuri, mzee. Je, huwa unapata kizunguzungu? Umewahi kuzimia?"

"Nani, mimi? Mzima kama chuma!"

Bibi alishusha pumzi. Babu akaanza kufunga vifungo vya shati haraka haraka. Pini alibaki ameikodolea macho ile karatasi.

"Daktari, hapa moyo umechorwa kwa muda gani?"

"Kama sekunde kumi."

Sekunde kumi! Pini alimgeukia babu.

"Nisamehe, babu. Hapa tumekagua nje tu." Akasema yote: kile kifua kilichoshikwa, mara tatu, na zile siku mbili za kupumzika.

Bibi alimtupia babu jicho la kuunguza.

"Umefanya vizuri kusema," daktari alimwambia Pini. "Moyo ukiwa umetulia unaweza kuonekana safi, na tatizo likaja baadaye." Akamvalisha babu kimashine kidogo cha kurekodi mapigo mchana na usiku, akamwambia afanye kazi zake za kawaida, bibi akiwa karibu.

Matokeo yalionyesha mapigo yakivurugika mara mbili, zote akiwa anakanyaga cherehani. Babu akapewa dawa na ratiba ya kurudi kupimwa.

Wiki chache baadaye kibanda kilikuwa wazi tena, na babu hakuwa amelalia suruali ya mtu yeyote. Alimvuta Pini karibu.

"Siku ile nilikukasirikia, mjukuu wangu. Nilikosea. Nilimpelekea daktari nguo iliyochanika nikiwa nimekunja pale palipochanika, halafu nikataka anisifu. Mgonjwa aseme ukweli wote, ndipo kipimo kimsaidie. Na mtu akikuahidisha kuficha ugonjwa wake, hata kama ni mimi, ahadi hiyo ifumue uzi wote."

"Sawa, babu."

"Haya, kagua hili gauni, ndani kwanza."

Pini hakuligusa. "Leo umekunywa dawa?"

Babu akatazama dari.

"Babu!"

"Naenda, daktari wangu. Naenda!"