Kiduha cha Uani

Mjomba wetu Donatus alikuwa bwana shamba, na kama mabwana shamba wengi wa enzi zile alipenda kuonekana anajua. Asubuhi moja ya Novemba, mwaka sabini na tano, alitoka Kolandoto kwa baiskeli akiwa na mfuko wa mbegu na kopo la vumbi. Alikuwa anakwenda kumwokoa mjane mmoja aitwaye Limi.

Msimu uliopita kiduha kilikuwa kimemaliza mtama wa kijiji kizima. Ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau, lakini chini kwa chini hunyonya mizizi ya nafaka mpaka mmea unakauka ukiwa umesimama. Shamba la Limi peke yake lilipona. Mwanamke wa peke yake, macho mekundu kwa moshi wa samadi: ushahidi gani tena wa uchawi walitaka? Jirani yake Bujiku alisimama mkutanoni akasema huyo ndiye anayewatumia viduha, na mavuno yakija hali ikiwa ile ile, panga litaamua.

"Shikamoo, mayu," mjomba alimwamkia Limi, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba."

Donatus alimweleza kwamba mbegu ya kiduha hulala ardhini hata miaka ishirini, ikingoja mzizi wa nafaka utoe kitu cha kuiamsha. Mtama wa Limi, aliourithi kwa mama yake na kuuchagulia masuke bora kila mwaka, karibu hautoi kitu hicho.

"Mtama wako umezaliwa na ukimya huo," alisema. "Nikiuzalisha na mtama wao, baadhi ya wajukuu wake wataurithi. Ila kwanza watu waone."

Pale pale shambani kwa Limi akapanda mistari mitano ya mtama wake na mitano ya mtama wa Bujiku, kwa kupishana. Kisha akanyunyiza vumbi la kopo kote. Zilikuwa mbegu za kiduha, laini kuliko ugoro.

Limi alimletea maji. "Nawa, baba. Vua viatu uvisuuze. Kwetu aliyeshika vumbi hili haingii uani kwa mtu."

Mjomba akacheka. "Mayu, kiduha hakioti pasipo nafaka."

Akaenda hivyo hivyo kwa Bujiku, akakaa kwenye kigoda uani, akamwalika aje aone mwezi wa pili. Ndani hakuingia.

Februari alirudi. Chini ya mtama wa Bujiku palikuwa zambarau tupu. Mistari ya Limi ilikuwa safi, kama iliyopaliwa jana. Donatus alifurahi mpaka akacheka peke yake. Bibi wa watu amepona! Akakimbia kumwita Bujiku.

Uani akasimama.

Viduha vilikuwa vimechanua kwenye udongo mgumu uliofagiliwa, pasipo bua hata moja la mtama. Viliota kwa mafungu. Hatua kwa hatua. Kila fungu lilikuwa na umbo la soli. Donatus aliweka kiatu chake juu ya mojawapo. Kikaenea.

Hatua zilifika kwenye kigoda. Kisha zikaondoka kigodani. Zikaingia ndani.

Justa, mke wa Bujiku, alikuwa mlangoni. "Siku ya nane leo haamki," alinong'ona.

Donatus aliinama, akang'oa kimoja. Ndani mtu akapiga yowe.

Akang'oa cha pili. Yowe tena.

"Usivute, baba."

Bujiku alikuwa kitandani, amekauka, ngozi imeshika mifupa. Viduha viliishia uvunguni. Alifumbua macho.

"Siyo Limi," alisema. "Ni wewe. Kila mchana unaingia. Unasimama hapo, husemi kitu."

Justa alivitazama viatu vya mjomba.

Majirani walipokusanyika Bujiku aliwaeleza vile vile, na panga lililomngoja Limi likamgeukia mjomba. Baiskeli ndiyo iliyomwokoa. Mbegu za mtama wa Limi alizotaka kuzizalisha aliziacha huko huko. Limi hakuguswa. Bujiku alizikwa wiki ya mavuno.

Mwaka uliofuata kiduha kimoja kilichipua kwenye kizingiti chetu, Kolandoto. Mke wa mjomba, Paskazia, alikishika akivute.

"Acha!" mjomba alipiga kelele kutoka ndani, tayari ameshika kisigino chake.

Tulimzika mwaka themanini na nne. Tulidhani kitakauka naye. Hakikukauka. Kila asubuhi tunafagia kwa kukizunguka, na hakuna anayethubutu kuuliza kinanyonya nini.

Tangu mwezi uliopita Paskazia anachechemea.