Histoni Moja Tu

Siku ya soko, ofisi ya vifurushi pale steji ya magari ya Nyeri ilijaa magunia, kuku na kelele. Wamucii, mtafiti wa maabara, na sweta yake ya kijani, akajipenyeza kwa kiwiko mpaka mbele.

"Niko na mzigo kutoka Nairobi. Boksi ya barafu."

Karani Kathurima, kijana mrefu wa Chuka, akasahau kalamu mkononi. "Ni samaki?"

"Ni kingamwili."

"Na hiyo hupikwa na nini?"

Wamucii akacheka bila kupenda, akamweleza. Ndani ya kila mmea na mnyama kuna uzi wa urithi, nao umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa kufuma kwenye kijiti. Histoni moja si kama ndugu zake. Aliitafuta katika majani ya viazi vya Mweiga, ajue kama ndiyo huviambia viazi kwamba baridi imefika. Kingamwili hiyo, iliyotolewa kwa sungura, huishika hiyo moja na kuwaacha nduguze.

"Hata mimi," Kathurima akasema, "katika watu hawa wote nimeshika mmoja tu."

Basi simu zikaanza. "Mrembo, umekula?" "Nimekula, wewe Mchuka mwenye maneno." Miezi sita ikapita kwa utamu huo.

Kisha boksi ya pili ikafika jioni, maabara imefungwa, Kathurima akailinda hadi asubuhi. Wamucii akafanya jaribio lake mara tatu. Mstari wa kuonyesha histoni haukutokea, na mkubwa wake akasema mwezi ukiisha hivyo, kazi hiyo itafungwa.

Akapiga simu akiwa moto. "Uliacha barafu yangu iyeyuke!"

"Wamucii wangu, niliongeza barafu mara mbili..."

"Wacha uongo!" Akakata. Wiki tatu hakushika simu yake.

Mwenzake Tabby ndiye aliyefungua daftari la majaribio ya Wamucii. "Haiya, Wamucii! Kingamwili hii inayoshika histoni ni ya sungura. Ile ya kuifuata na kuing'arisha, uliweka inayojua kingamwili za panya tu. Itamjuaje sungura?"

Wamucii akarudia kwa ile inayojua sungura. Mstari ukang'aa, mweupe kama maziwa. Akafurahi, halafu akaona aibu, akavua koti la maabara akaenda steji.

Kathurima alikuwa akifunga gunia. Alikuwa amekonda.

"Nilikosa mimi," Wamucii akasema mbele ya watu wote. "Barafu yako ilikuwa sawa. Ulinitunzia kazi, na mimi nikakutukana. Asante, Kathurima. Nisamehe."

Kijana akaliacha gunia. "Kumbe haikuharibika? Kila siku niliomba Mungu, nikidhani nimekuharibia maisha."

"Haikuharibika."

"Msichana, maliza haraka," akasema mama mmoja mwenye kuku aliyengoja kuhudumiwa. "Nina safari."

Watu wakacheka. Kathurima akaruka meza, akamshika mikono. "Wazee wangu waje lini kwenu Mweiga kuleta posa?"

"Jumamosi hii, mpenzi. Na mimi mwenyewe nitawapikia."

Mama akashukuru Mungu kwa sauti, akasahau safari.