Maziwa kwa Mtoto wa Roma

Nyumba ilinuka maziwa yaliyoungua, na asubuhi ile hakuna aliyewasha mbabula, jiko la makaa.

Mama Tshiela alifunua sufuria, akanusa nguo za mjukuu wake Divin. Mwishowe akasimama mbele ya meza ya binti yake Béthanie, mama wa Divin. Harufu ilitoka kwenye chungu.

Kilikuwa chungu kidogo cha udongo mwekundu, cha Roma ya kale. Padri mmoja Mbelgiji alikileta Kamina zamani, akarudi kwao bila hicho. Béthanie alikiazima kwenye stoo ya parokia kwa kazi yake ya chuo: jinsi Waroma walivyozika wafu wao.

"Ndani mulikuwa nini?" Mama aliuliza.

"Majivu ya mutoto. Bantu ya Roma balikuwa banachoma maiti. Unaona hii tundu ku kifuniko? Balikuwa banamwanga maziwa humu, mutoto akunywe mule mu kaburi. Na jina yake banaandika inje, kusudi kila mwenye kupita aisome na sauti."

"Na huyu, jina yake iko wapi?"

"Ilivunjika, mama."

"Aa! Weye unaleta mutoto ya bantu mu nyumba, bila jina, bila kaburi, njo unaita masomo?"

Béthanie alicheka. "Ni chungu tu. Hailie."

Kililia.

Ilikuwa kesho yake, mvua ikinyesha, Béthanie yuko chuoni, Divin amelala mgongoni mwa bibi yake. Kilio kilikuwa chembamba, cha mtoto aliyechoka kulia. Mama Tshiela alikijua. Mwaka ule Wakasai, watu wa kwao, walipofukuzwa na kupakiwa kwenye treni, mzaliwa wake wa kwanza, Badibanga, alimfia mapajani ndani ya behewa. Kwenye stesheni ya Luena wanaume walimpokonya maiti, wakachimba kando ya reli, na treni ikaondoka kabla hajaona mahali. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitamka jina lile.

Akamimina maziwa tunduni. Akainama.

"Badibanga," alinong'ona. "Kunywa, baba."

Kilio kikakoma. Kwa Waluba, kabila lake, anayepewa jina la marehemu amekuwa mtu wa nyumba. Mama alilijua hilo, na bado aliita.

Kuanzia hapo matiti ya Béthanie yalikauka kabla Divin hajaamka, na kila alipojilaza mchana alihisi mdomo usio na meno, baridi kama udongo wa mtoni, ukimnyonya polepole, na alipofumbua macho alimkuta Divin mbali, mwisho wa mkeka, na kifuani pake hapakuwa na mtu, ila majivu yaliyolowa maziwa. Divin alikonda hadi shingo ikashindwa kubeba kichwa. Walikirudisha chungu parokiani. Jioni kilio kilikuwa bado nyumbani.

Wakamwita Papa Kaumba, mwombezi. Aliomba hadi shati likalowa, kisha akatega sikio.

"Naiuliza jina," alisema kwa sauti ya chini. "Inajibu, Badibanga. Nani aliipatia?"

Mama Tshiela alitazama sakafu. "Miye."

"Basi mwenye kuita njo mwenye kufukuza. Miye siwezi."

"Na kama ni yeye kweli?"

"Mama, ile ni jini. Inavaa jina ulipatia."

"Unajua wapi, Papa? Weye ulimuzaa?"

"Mama," Béthanie alisema kutoka mkekani. "Divin anaenda."

Mama Tshiela alimtazama mjukuu wake. Macho ya mtoto yalikuwa yamefunguka nusu, hayamwoni mtu. Akasimama, akafungua mlango.

"Badibanga," alisema. "Toka mu nyumba yangu."

Kitu kikashuka mgongoni pake, ambapo hapakuwa na mtoto. Alihisi magoti madogo yakiteleza, miguu ikigusa chini. Mkekani Divin akalia kwa njaa, na blauzi ya Béthanie ikalowa maziwa. Papa Kaumba akasema amina.

Mlangoni, mahali palipokuwa na giza la mvua, sauti ya mtoto ikasema kwa mara ya kwanza:

"Mama, unaniacha tena ku njia?"

Kaumba hakuwa amesimuliwa habari za Luena. Alimkazia Mama macho.

Mama Tshiela aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Ndiyo, baba," alisema.