Chumvi ya Ukutani

Katesh nzima inajua kwamba Farida wa duka la dawa za mifugo hadanganyiki kwa chumvi. Mletee gunia kutoka ziwani, upande wa Balangdalalu, atachota chembe kwa ukucha, ataiweka kwenye ncha ya ulimi, atafumba jicho moja, kisha atakwambia kama imevunwa kiangazi au imenyeshewa. Kama umeichanganya na mchanga atakwambia pia, tena mbele ya wateja, bila kukuonea haya. Wafugaji wa Gendabi wanauamini ulimi wake kuliko mizani ya dukani. Ulimi huohuo ndio uliomponza.

Ilikuwa likizo ya Juni mwaka jana. Mwalimu Getruda, jirani yake, aliwachangamsha akina mama wa mtaa waende pwani wakaone bahari na mambo ya kale. Getruda anafundisha historia, na ugonjwa wake ni vitu vilivyovunjika: akiona kigae cha chungu njiani anainama, anakifuta, anakitia kwenye pochi. Farida hakuwa na hamu ya safari. Nyumbani alikuwa na mjukuu, Zubery, mwenye mwaka na kitu. Mama wa mtoto, Raudha, ni nesi Dongobesh na huja nyumbani akipata mapumziko, kwa hiyo kulea ilikuwa kazi ya bibi. Na huyo Zubery alikuwa na tumbo la ajabu. Maziwa ya kopo anatapika, uji anatapika. Kitu pekee kilichokaa tumboni mwake ni maziwa ya ng'ombe wa bibi yake, ng'ombe mwekundu ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi kwa sababu ya maringo yake.

Sasa Shangazi alikuwa anakauka. Kila asubuhi maziwa yalipungua kwenye ndoo. Hakutaka kulamba chumvi yoyote, hata ile bora ya ziwani, na mtoto alizidi kukonda mpaka mbavu zikaonekana.

"Nenda, mama," Raudha alimwambia. Alikuwa amechukua likizo. "Nitabaki naye mimi. Ukikaa hapa utamkodolea macho huyo ng'ombe mpaka mkauke wote wawili."

Akaenda.

Mji wenyewe tuuache bila jina. Uko pwani, kusini ya Tanga, na nusu yake ni majumba ya mawe yanayobomoka. Getruda aliwaburuta kutoka makumbusho moja hadi mengine, na kusema kweli hayo makumbusho ni vyumba tu. Cha kwanza kilikuwa na sahani zilizopasuka, taa za mafuta, na kasa aliyekaushwa mwenye jicho moja la kioo. Jicho la pili lilikuwa shimo, na ndani ya shimo mlikuwa na mende. Wakaenda makaburi ya kale. Wakapanda ngazi za nyumba ya Mjerumani iliyojaa kinyesi cha popo. Kila mahali hewa ilikuwa nzito, inanata kama shuka la mgonjwa. Mtu wa Hanang amezoea upepo. Pale Farida alijiona kama anavuta pumzi iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Alitembea mtandio ukiwa puani siku nzima.

Mwisho wakafika kwenye ghala. Lilikuwa jengo refu la mawe, halina madirisha ila matundu ya juu yasiyopitisha hata kichwa. Mlinzi wake, mzee mwembamba aitwaye Farouk, alipokea shikamoo zao moja moja, kisha akawaeleza kwamba humo walifungiwa watu waliotolewa bara, wakingoja kuvushwa na kuuzwa. Aliwaomba kitu kimoja tu, wasiguse ukuta.

Wenzake walipotangulia na mzee kuelekea mlango wa pili, Farida alibaki nyuma. Ukuta ulikuwa umelowa. Haukulowa wote. Ulilowa kwa madoa, doa kando ya doa, yamepangana kuzunguka chumba, kila moja kimo cha mtu aliyekaa chini. Pembezoni mwa madoa palikuwa pameota ukoko mweupe. Hapo akasahau alichoombwa. Alikwangua kwa ukucha, akaweka kwenye ulimi, akafumba jicho moja.

Ilikuwa chumvi nzuri kuliko zote alizowahi kuonja. Wazo la kwanza lililomjia ni Shangazi. Akafungua pochi, akatoa mfuko wa karanga uliobaki maganda, akayamwaga, akakwangua haraka haraka mpaka akapata konzi nzima. Alipokuwa anafunga fundo ndipo ladha ikageuka mdomoni. Ikawa ya uvuguvugu. Ikawa na mafuta, na uchachu, na kitu alichokijua lakini hakukitambua, mpaka alipomkumbuka marehemu mumewe akitoka kupakua magunia na yeye akimbusu shingoni.

Akameza kabla hajajizuia.

"Mzee," alimwuliza Farouk mlangoni, kwa sauti ya chini, "bahari inapanda mpaka humu?"

"Bahari iko kule chini, binti yangu. Haijawahi kufika hapa."

"Basi ni mvua."

"Tunaukausha ukuta kwa gunia kila asubuhi. Ikifika jioni umelowa tena. Masika, kiangazi, ni hivyohivyo." Mzee aliangalia kucha za Farida, na weupe ulioingia chini ya kucha. "Walijazwa humu mpaka hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mguu. Walikaa wameegemea, migongo ukutani, katika joto hili. Hilo ni jasho lao."

Farida alitoka nje akatema. Akatema tena. Akasukutua kwa maji ya chupa mpaka yakaisha, akaomba ya Getruda, nayo akayamaliza. Alisikia kinyaa mpaka kwenye ngozi ya vidole. Angeweza kurudi akaumwaga ule mfuko, mbona mlango ulikuwa wazi? Lakini aliona aibu kuonekana mwizi mbele ya wenzake, na kuliko aibu, alimwona Zubery na mbavu zake. Akafunga zipu ya pochi, akapanda gari.

Nyumbani alijiambia chumvi ni chumvi. Aliinyunyiza kwenye jiwe la kulambia, nusu yake, nyingine akaiweka akiba. Shangazi alinusa, akalamba, akalamba, akalamba mpaka ulimi ukatoka damu, na bado akaendelea kulamba damu yake mwenyewe. Kesho yake ndoo ilijaa. Keshokutwa yake ilimwagika. Zubery alikunywa akashiba kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, mashavu yakarudi, na Raudha akarejea kazini anaimba.

Aliyekamua alikuwa Yona, kijana mtu mzima mwenye mke na watoto, jirani wa upande wa zizi. Asubuhi moja aliiweka ndoo chini akanusa viganja vyake.

"Mama, mikono yangu inanuka mtu."

"Si unawe?"

"Nimenawa mpaka kwa majivu." Akasogea karibu, akanong'ona kama vile ng'ombe angesikia. "Huyu ng'ombe anatiririka jasho, mama. Katika baridi hii. Njoo umshike mgongo."

Hakwenda kumshika. Alichukua ndoo akaenda kuchemsha. Harufu ilipanda na mvuke, harufu ya kwapa, ya watu wengi waliofungiwa mahali pamoja. Utando uliganda juu, mnene, wa manjano. Akauinua kwa kijiko. Chini yake kulikuwa na nywele.

Shangazi alikuwa mwekundu. Nywele hizi zilikuwa nyeusi, fupi, zimejikunja.

Farida alitapika palepale kando ya jiko. Halafu akafanya jambo ambalo hata leo akilieleza hawezi kukutazama usoni. Mtoto alikuwa analia njaa. Aliyachuja yale maziwa kwa kitambaa safi, akayachemsha tena, akampa. Zubery alikunywa yote, akalamba kikombe, akalamba vidole vya bibi yake kimoja kimoja, kisha akalamba kiganja, kisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ulimi wake ulikuwa mkavu na unakwaruza.

Yona hakurudi tena kukamua. Alimtuma mkewe aseme samahani.

Mwezi wa saba upepo wa Katesh unakausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Wakati huohuo, chumba cha Zubery kilianza kulowa. Farida aliingia saa za mchana kumwamsha akakuta godoro tupu. Mtoto alikuwa sakafuni, amekaa, mgongo ukutani. Hakulia. Hakucheza. Alikuwa amekunja miguu kifuani, kama mtu asiye na nafasi ya kuinyoosha. Ukutani, upande wake wa kulia, palikuwa na doa la unyevu, kimo cha mtu mzima aliyekaa. Kushoto kwake doa jingine. Yalikwenda hivyo mpaka pembeni, yakakunja kona.

Na pembezoni ukoko mweupe ulikuwa umeshaanza kuota.

Alimnyakua. Alimnyima yale maziwa kuanzia siku hiyo, akamjaribu kwa uji, kwa ndizi, kwa mchuzi. Zubery hakutapika. Alifumba mdomo tu, na kujilamba mikono mpaka ngozi ikachubuka, akalamba na michubuko. Mwili wake ukawa unatoka jasho usiku na mchana, jasho zito la mtu mzima, na kila shuka alilolalia lilinuka ghala. Farida alielewa kwamba akikaa kimya atamzika mjukuu. Alifuta jiwe la kulambia kwa kitambaa, akachukua na ile akiba, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda basi la Tanga. Raudha aliambiwa wanakwenda kuonana na daktari.

Mzee Farouk alikuwa anakausha ukuta alipoingia. Alimtambua. Hakushangaa, na hilo lilimtisha Farida kuliko kama angepiga kelele.

"Nimeirudisha," alisema, akifungua fundo.

"Yote?"

"Iliyobaki."

"Na nyingine iko wapi?"

Farida alitupa jicho begani, kwa mtoto. Kanga ilikuwa imelowa chapachapa mgongoni kwake. Aliifungua amshushe mtoto apumue, na Zubery, ambaye siku zile hata kusimama alishindwa, akaenda. Alitembea moja kwa moja mpaka ukutani. Akageuka. Madoa mawili pale yalikuwa yamekaribiana, hakuna nafasi katikati yake.

Yakasogea.

Polepole, kama watu wanaompisha mgeni kwenye benchi. Moja kulia. Moja kushoto. Zubery akakaa katikati. Akaegemeza mgongo. Akakunja miguu. Akafumba macho, na uso wake ukatulia.

"Zubery!"

Hakufumbua. Farida alimrukia, akamvuta. Hakutoka. Alikuwa amenata. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, akisikia kitu kinaachia kidogo kidogo, kwa sauti ya bandeji inayobanduliwa kwenye kidonda kibichi. Harufu ikafumuka. Mtoto akalia. Kilio cha kweli, cha mtoto wa mwaka mmoja, cha kwanza tangu Juni.

Mgongo wake ulikuwa mkavu kabisa.

Ukutani palibaki doa dogo, bado linatiririka. Sehemu ya kichwa ilikuwa ndogo kama chungwa. Mzee Farouk aliinua gunia lake, akasita, akalishusha.

"Mchukue uende, binti yangu," alinong'ona. "Huyu tutamfuta kila asubuhi, kama wenzake."

Kwa nje mambo yakawa mazuri, na Farida mwenyewe aliapa kutouliza zaidi. Shangazi alichinjwa akafukiwa mzima, hakuna aliyeonja hata utumbo, na Yona ndiye aliyechimba shimo. Ukuta wa chumba ulikauka, ukapakwa chokaa. Zubery akaanza kula uji, ugali, hata mlenda wa jirani, na Raudha akamshukuru daktari wa Tanga asiyekuwepo. Mtoto akanenepa. Akakimbia uani akifukuza kuku. Joto la Oktoba lilipokuja, watoto wenzake walilowa mashati kwa kucheza, yeye akabaki mkavu, na Farida akasema afadhali, ana damu baridi kama babu yake.

Juzijuzi Zubery alijikwaa kwenye kizingiti cha duka akaanguka kifudifudi. Akalia kwa uchungu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Bibi yake aliacha mteja na gunia lake, akamnyanyua, akambusu shavuni kama bibi yeyote. Chozi likamwingia mdomoni.

Farida akasimama pale pale. Akambusu shavu la pili, taratibu, akachukua chozi lingine kwa ncha ya ulimi. Akalamba kiganja cha mtoto. Akalamba shingo. Mteja alicheka, akidhani ni mchezo wa bibi na mjukuu.

Akafumba jicho moja, kama afanyavyo siku zote, akangoja chumvi ije.

Haikuja.