Profesa na Sindano ya Makochi

Sogeeni, majirani, niwape habari za fundi wa makochi ambaye mtaa mzima tulimwita Profesa, ingawa darasa la mwisho aliloingia alikwenda kutengeneza kiti cha mwalimu.

Asubuhi hiyo karakana ilikuwa shwari. Profesa anashona mgongo wa kochi kwa sindano iliyopinda, ndefu kama kidole cha kati. Mkewe yuko mezani, mkasi unakula kitambaa taratibu. Mara mkasi ukasita.

"Baba watoto! Mate!" Mkewe alijishika mdomo. "Nina mate mdomoni!"

Msicheke. Mama huyu madaktari walimtoa tezi ya shingo yenye saratani, kisha wakampa dawa ya mionzi kumalizia masalia. Dawa ilifanya kazi yake, lakini ikamwachia mdomo mkavu kama mfuko wa saruji. Mkate alikuwa akiutafuna kama sponji ya godoro. Hospitali ikampeleka kwa dada mmoja aliyesomea tiba ya sindano. Sindano zake ni nyembamba kama unywele, anazipachika masikioni na mikononi, mgonjwa anasinzia. Mara sita tu, na mate hayo.

Furaha ile ndiyo iliyomponza Profesa.

"Kumbe ni sindano tu!" akasema, akipiga kochi kofi. "Mimi nina miaka thelathini nachoma sindano, nani aliwahi kuniletea mgonjwa? Halafu, mama watoto, kama mate yamerudi, ugonjwa umekwisha. Vidonge vya kila asubuhi walivyokupa hospitali vya nini tena?"

"Daktari alisema ni vya maisha."

"Huyo daktari amewahi kushona kochi?"

Mtu ambaye hajawahi kukosea mshono utambishia nini? Mkewe akaacha vidonge, akaacha na kwenda kwa yule dada.

Wiki ya tano mambo yakaharibika. Uso ulimvimba, sauti ikawa nzito, na mchana wa jua kali alivaa sweta mbili. Siku moja alisinzia amesimama, mkasi mkononi, kitambaa cha mteja kikaenda kombo. Profesa aliona. Hofu ilimwambia hospitali, ujuaji ukamwambia jiko. Mnajua alimsikiliza nani: akachemsha ile sindano iliyopinda.

"Lete mkono, mama watoto. Leo unaamka."

Mkewe akafumbua jicho moja. "Anza na wako."

Mwanamume harudi nyuma. Profesa akajidunga kati ya gumba na kidole cha shahada. Jamani, ukelele ule! Kuku wa mtaa wa tatu walitaga kabla ya siku zao, na asiyeamini akawaulize kuku. Mkono ukafura kama mto wa kochi, na jirani mwenye teksi akawabeba wote wawili.

Daktari aliufunga mkono wa mume. Alipomtazama mke, uso wake ulibadilika.

"Vidonge umeacha lini, mama?"

"Wiki tano sasa."

"Shingoni hatukukuachia hata kipande cha tezi. Kidonge ndicho kinachofanya kazi yake. Ungeendelea hivi, siku moja ungelala usiamke."

Yule dada wa sindano naye aliitwa. "Mimi natuliza madhara tu," akasema. "Saratani siigusi, na sijawahi kumwachisha mtu kidonge. Nani aliwaambia?"

Profesa akatazama dari, akatazama viatu. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akauliza swali.

"Daktari, kwani hiyo tezi ilikuwa inafanya kazi gani?"

Mkewe, na uvimbe wake, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wiki tano unanitibu, kumbe hujui hata unachokitibu!"

Daktari akamweleza kuwa ndiyo huupa mwili joto na nguvu. Mama akalazwa. Vidonge vikarudi, na daktari aliporidhika, sindano za dada nazo zikarudi. Uvimbe ukashuka, sweta zikaenda kabatini. Alipopimwa tena, saratani haikuonekana. Siku hiyo alitoka chumba cha daktari akitembea kama anayewahi harusi yake mwenyewe. Profesa nyuma, anahema.

"Mama watoto, nisubiri basi!"

"Nikusubiri?" akamjibu bila kugeuka. "Nimekusubiri wiki tano. Kimbia!"

Na alikimbia, mzee mzima, njia nzima, akicheka na kulia kwa pamoja.

FUNZO

Ndugu zangu, saratani haikukaribia kumzika mama yule. Ujuaji wa nyumbani ndio uliokaribia. Tiba ya sindano inaweza kumpa nafuu mgonjwa, ikiwa mikononi mwa aliyeisomea na daktari anajua. Lakini nafuu si kupona, na dawa uliyoandikiwa haiachwi kwa sababu mume, mke au jirani anajiamini. Ufundi wa kochi ni wa kochi. Usipojua, uliza. Kuuliza hakujamvimbisha mtu mkono.