Mikono Nyuma

Soko la Nakawa asubuhi ya Jumamosi halimhurumii mtu aliyechoka, na Akwero alikuwa amechoka tangu Jumatatu. Alijipenyeza kati ya mafungu ya nyanya na mikungu ya matoke, gauni lake la kitenge cha buluu limepauka mabegani, raba miguuni, mzigo wa mabaki ya mbao kichwani. Ungemwona ungesema huyu anakwenda kuuza kuni. Kumbe ni mwalimu wa ubunifu na teknolojia, mwenye shahada yake, na hizo mbao ndizo zilizokuwa somo la wiki ijayo.

Bodaboda ikapiga honi nyuma yake, akashtuka, na mzigo wote ukaporomoka juu ya fungu la nyanya.

"Banange! Nyanya zangu! Nyabo, unaua mimi!" mwenye nyanya akapiga kelele.

Kabla Akwero hajapata neno la kuomba radhi, mwanamume mmoja alikuwa amekwisha chuchumaa, anaokota mbao moja moja. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, marashi yanamtangulia. Akageuza kipande kimoja, akakinusa.

"Madam, hizi unakwenda kupikia nini?"

"Kupikia watoto akili," Akwero alijibu bila kutabasamu. "Mimi ni mwalimu."

"Basi akili itachelewa kuiva. Hii mbao bado ina maji." Akautupa mzigo wote begani.

"We! Shati lako!"

"Shati lina sabuni yake. Uchovu wako una dawa gani?"

Akwero alicheka, na kicheko chenyewe kilimshangaza, maana hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. Mwanamume huyo aliitwa Wangila, Mkenya kutoka Bungoma, mwenye karakana ya fanicha upande wa viwandani. Vitanda na makabati yake ndivyo vilivyojaa kwenye fleti za Bugolobi. Alimbebea mzigo mpaka kwenye gari lake, akamfikisha hadi shuleni, na kabla ya kuondoka alikuwa na namba ya simu. Hakuichelewesha.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula chaki."

"Chaki ya nyama au ya kuku?"

"Wangila, niache, nina madaftari hapa yananitazama."

"Yaambie yazime taa, mimi nataka kusikia sauti yako."

Miezi ikapita hivyo. Sitaki kudanganya kwamba mapenzi yalimwondolea Akwero uchovu. Uchovu wa mwalimu hauondolewi na busu. Lakini sasa alikuwa na mtu wa kumwambia.

Shule yenyewe ilikuwa kando ya reli, Namuwongo. Darasa limejaa watoto mpaka dirishani, na misumeno ni ya kugombaniwa. Akwero aliwafundisha hivi: angalia nyumbani kwenu kuna shida gani, muulize mwenye shida anataka nini, chora, kisha tengeneza. Watoto walikwenda, wakarudi na jibu moja. Mvua ikinyesha Namuwongo, maji yanaingia ndani, yanazima sigiri, lile jiko la mkaa, na chakula cha jioni kinaishia hapo. Basi wakaamua kila mmoja atatengeneza stendi ya kuinua sigiri ya mama yake, miguu ya mbao, juu kipande cha bati.

Siku moja Wangila alikuja kumchukua, akasimama mlangoni mwa karakana ya shule. Akamwona Akwero anapita kwa wanafunzi, mikono ameifungia mgongoni kama askari wa gwaride. Mtoto anakata mbao mshazari, mwalimu anaangalia tu.

"Mpenzi, mbona humsaidii? Anaharibu!"

"Namsaidia. Ndiyo maana mikono iko nyuma. Nikishika msumeno wake nimemnyang'anya."

"Ah! Mimi ningekufa hapo," Wangila alisema, na vidole vyake vilikuwa vinacheza.

Basi ilitokea hivi. Mkaguzi wa mitihani alikuwa anakuja Jumatatu kuzitazama zile stendi na kuwahoji watoto, na alama zake zilikuwa zinaingia kwenye mtihani wao wa mwisho. Ijumaa Akwero akaangushwa na malaria. Wangila alimpeleka kupimwa, akamnunulia dawa, akamfunika blanketi katika chumba chake cha kupanga.

"Misumeno ni butu," Akwero alinong'ona. "Nilitaka kuinoa."

"Nipe funguo za karakana. Nitanoa mimi. Wewe lala, mama, lala."

Akampa. Akalala Jumamosi na Jumapili, usingizi mzito wa mtu aliyekuwa akiudai siku nyingi.

Jumatatu aliamka miguu inatetemeka, akavaa gomesi lake la kijani lenye mshipi wa dhahabu, akaenda. Alimkuta mkaguzi, Bi Nelima, mwanamke mwembamba mwenye miwani, ameshafika. Wakafungua karakana pamoja, kwa funguo ambazo Wangila alimwachia kando ya kitanda.

Rafu ilikuwa inang'aa. Stendi zote zimesimama wima, miguu imenyooka, pembe zimepigwa msasa, vanishi inanukia. Zimefanana zote kama sahani za seti moja.

Na niseme ukweli, kwa kitambo kidogo Akwero alifurahi. Alikuwa amechoka mno hata asiulize zimetokaje. Moyo wake ulimwambia, nyamaza tu, zimependeza, watoto watapata alama, na wewe utarudi kulala.

Bi Nelima akachukua stendi yenye jina la Amony, akamwita mwenyewe. Amony alikuwa msichana mpole, binti wa askari polisi. Alikuja akaiangalia, akamwangalia mwalimu wake.

"Amony, kwa nini miguu yako umeipa urefu huu?"

Mtoto akaipapasa miguu. Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Mwalimu, hii siyo yangu," alisema. "Yangu ilikuwa na mguu mmoja mrefu. Sakafu yetu inateremka kwenda mtaroni. Mimi nilipima na mama. Nani amekata mguu wangu?"

Akwero aliketi kwenye benchi.

"Bi Nelima," alisema, "hizi hazikutengenezwa na wanafunzi wangu. Kuna mtu amezibadilisha, na funguo nilimpa mimi."

Bi Nelima akavua miwani. Hakufoka, na hilo ndilo lililouma. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, mwalimu. Nitarudi kabla muhula haujafungwa. Nikute kazi ya watoto, la sivyo sina alama ya kuwapa. Na wewe barua yako itatoka kwa mkuu wa shule."

Mchana Akwero alipiga simu.

"Umeziona?" Wangila aliwahi, furaha imemjaa. "Vijana wangu wamekesha nazo! Nilitaka uamke ukute—"

"Ziko wapi zile za watoto?"

"Zipi? Vile vigongo vilivyopinda? Tulivichemshia chai, mpenzi."

Akwero alifumba macho. "Kuna mguu mrefu uliufupisha."

"Ule wa kombo? Stendi ilikuwa inayumba kama mlevi! Fundi gani anaweza kuuacha?"

"Ulimuuliza mwenyewe?"

"Akwero, nilikuona umechoka. Nilitaka kukupunguzia."

"Umenipunguzia kweli. Kazi ya muhula mzima umeinywea chai." Sauti yake ikakatika. "Usinipigie tena, Wangila. Kwako wewe watoto wangu wanatengeneza vigongo."

"Sikusema hivyo! Wewe ndiye unayedharau mkono wangu. Vitanda vyangu—"

Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kukokota miguu. Mkuu wa shule alimpa barua ya onyo. Kila baada ya masomo watoto walibaki kuanza upya, na Akwero alibaki nao, kichwa kinagonga. Misumeno ilikata vizuri, kwa maana Wangila aliinoa kweli, na kila ilipokata Akwero alimkumbuka akanuna. Alimpenda. Hilo ndilo lililomchosha kuliko malaria.

Jumapili alikwenda kumsalimu baba yake, Mzee Odyek, sajini mstaafu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kambini na hakikutaka masahihisho.

"Ile Mukenya yako iko wapi?" mzee aliuliza.

"Nimemfukuza, baba. Aliharibu kazi ya watoto."

"Yeye nakunywa pombe? Yeye napiga wewe?"

"Hapana, baba. Alitaka kunisaidia."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mama yako, pahali pema apumzike, siku moja aliona mimi nimechoka. Akachukua bunduki yangu, akaosha na sabuni na maji, kama sufuria. Ikashika kutu. Mimi nikalala gadi ruumu, ile jela ya kambi, kwa sababu yake!"

"Banange! Ukamfanya nini?"

"Nikatoka, nikafundisha yeye kusafisha bunduki." Mzee alifuta macho. "Mutu mwenye kusaidia vibaya, wewe nafundisha. Mutu mwenye hapana saidia kabisa, huyo sasa nafukuza."

Akwero akaaga. Aliondoka na maneno hayo, na njia nzima yalimfuata.

Kesho yake mchana, watoto wakiwa kazini, mtu akasimama mlangoni mwa karakana. Alikuwa Wangila, lakini si yule wa shati jeupe. Ovaroli kuukuu, ndevu hazijachongwa, ana mzigo wa mbao begani.

"Zimekauka vizuri, hizi hazina maji," alisema taratibu. "Sikuja kugombana, mwalimu. Nilikwenda kwa kina Amony. Mama yake alinionyesha sakafu. Akwero, niliweka pale stendi kama zile zangu nzuri, na sigiri ikateleza mbele ya macho yangu. Nimeona aibu sijui nisemeje."

Watoto waliacha kukata. Akwero alimtazama. Hasira bado ilikuwepo, na hamu ya kumkumbatia ilikuwepo, na zote mbili zilikuwa zimechoka.

"Weka mbao pale," alisema. "Ukitaka kubaki, mikono nyuma."

Akabaki. Jamani, mwanamume yule aliteseka! Amony alipindisha msumeno, Wangila akafunga mikono mgongoni, jasho likamtoka. Mwingine akagonga msumari kwa ubavu wa nyundo, Wangila akageukia ukutani.

"Fundi, unaumwa?" watoto walimtania.

"Naumwa kila mahali. Endeleeni."

"Muulize swali," Akwero alimwelekeza. "Usimpe jibu. Muulize."

Wangila akamgeukia msichana. "Amony, mwanangu... mbao ikicheza unapokata, unafikiri ni kwa nini?"

Amony akafikiri, akaikaza kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania. Ikatulia. Msichana akatabasamu, na Wangila akamwangalia Akwero kama mtu aliyefunga bao. Tangu siku hiyo alikuja kila mchana, na Akwero akawa anaweza kuketi. Kuketi tu, na chai mkononi, mtu mwingine akiwa amesimama. Hakuwahi kupewa zawadi kubwa kama hiyo.

Bi Nelima alirudi wiki ya mwisho ya muhula. Stendi zilikuwa za kila namna, nyingine fupi, nyingine nene, msumari mmoja umechungulia nje. Alihoji mtoto mmoja mmoja, na kila mtoto alikuwa na la kusema, mpaka na yale ambayo hakuulizwa. Alipofika kwa Amony alitazama ule mguu mrefu.

"Hii imepinda, binti."

"Hapana, madam. Nyumba yetu ndiyo imepinda. Hii iko sawa."

Bi Nelima akacheka, akaandika. Alipokuwa anatoka alimpa Akwero mkono. "Hongera, mwalimu. Nenda ukalale."

Watoto wakatawanyika na stendi zao vichwani kando ya reli. Karakana ikabaki na vumbi la mbao, na jua la alasiri limeingia mlangoni. Akwero aliketi kwenye benchi, akavua viatu. Wangila alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Wamekwenda, Wangila. Mbona umesimama hivyo?"

"Kuna kitu nataka kutengeneza," alisema, "lakini nimefundishwa nianze kwa kumuuliza mwenye kukitumia."

"Kitu gani?"

"Nyumba. Ya watu wawili kwa kuanzia." Akasogea hatua moja. "Sijui vipimo vyake. Sijui kama mwenyewe anataka, au anataka kuachwa alale tu. Nikikisia nitakata mguu mrefu tena. Kwa hiyo nauliza. Akwero, utaolewa nami?"

Akwero alimtazama. Machozi yalikuja bila ruhusa.

"Mimi nimechoka, Wangila. Huu uchovu hautaisha. Muhula ujao nitachoka tena."

"Najua. Sikuja kuumaliza. Nauliza tu kama naweza kukaa karibu nao."

"Na baba utamwambia nini?"

"Nitapiga saluti."

Akacheka huku analia. "Haya, pete iko wapi? Au unaificha huko nyuma?"

"Hamna kitu huku nyuma, mpenzi. Sikununua. Sijapima kidole."

Akwero alinyoosha mkono kwenye meza ya kazi, akachukua kipande cha uzi ambacho watoto walikuwa wanapimia, akakiweka chini, juu ya vumbi la mbao, ili apige goti kukiokota. Kisha akanyoosha kidole chake cha pete, chenye gundi kavu kwenye ukucha.

"Ndiyo," alisema. "Sasa toa mikono, upime."