Sampuli Kumi na Mbili

Alhamisi, saa tatu kasorobo asubuhi, ufunguo namba tatu ulifungua kufuli namba nane.

Mkaguzi aliuchomoa, akaufuta kwa kitambaa, akaujaribu tena. Tak! Upinde ukaruka. Akaujaribu kwenye kufuli namba moja. Tak! Namba kumi na mbili. Tak! Makufuli yote kumi na mawili yakalala mezani midomo wazi, kana kwamba yanamcheka.

"Hii saini ya nani?" Mkurugenzi aliuliza, kidole kikiwa kwenye karatasi ya lakiri.

"Yangu, mama."

"Na lakiri haikuguswa njiani. Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyeikata. Karani wake akachanganya funguo kwa bahati mbaya, akagundua kwamba ukinunua kufuli letu moja umenunua na ufunguo wa jirani zako wote. Akayarudisha. Nimwambie nini?"

Mkaguzi aliutazama ufunguo mkononi. Jumatatu ya wiki iliyopita, kwenye meza hiyohiyo, alijaribu kila ufunguo katika kila kufuli, mara mia na arobaini na nne, na kila ufunguo ulifungua kufuli lake tu. Ama alikuwa ameota, ama alikuwa anaota sasa.

Si jambo dogo hilo. Soko la nyumbani lilikuwa limejaa makufuli rahisi ya kutoka ng'ambo, na Mkurugenzi, aliyerithi kiwanda kwa marehemu mumewe, alikuwa ameamua kuvuka mpaka. Mnunuzi wa nchi jirani alikuwa na maduka kila mji. Mashine mpya zilishafungwa kwa kumtegemea yeye, na wafanyakazi sitini walishaanza kuota mchana kweupe. Sasa mnunuzi alitaka maelezo kabla ya kesho saa sita mchana, la sivyo mkataba basi.

"Mama, naomba kitu kimoja," Mkaguzi alisema. "Usimwambie mtu kilichotokea. Niache niulize mimi."

Siku ile, baada ya kumaliza kupima, alikuwa ameliacha boksi la sampuli wazi chumba cha upimaji, akaenda ofisini kufuata lakiri. Saa kumi na dakika tano mpaka saa kumi na robo. Aliporudi alifunga tu, hakuyapima tena. Na katika dakika hizo kumi, kwa maneno ya mfagizi aliyekuwa akipiga deki ukumbini, watu watatu walipita mlango ule: Dalali, shemeji yake Mkurugenzi, na Fundi Mkuu. Mfagizi hakukumbuka nani alitangulia.

Aliwaita mmoja mmoja, akawaambia maneno manne tu: "Sampuli za nje zimekataliwa."

Dalali, aliyemleta yule mnunuzi, aliruka kitini. "Zimekataliwa? Bei? Walisema bei wameridhika!"

"Ulifuata nini chumba cha upimaji Jumatatu ile?"

Dalali akajikuna shingo. "Kupiga picha."

"Za nini?"

"Dada, mimi ni mtu wa kutafuta. Kuna kiwanda kingine kinataka kuona mnavyotengeneza. Picha tu! Mkataba huu ukifa, mimi nakula nini?"

Mkaguzi alimwandika mnafiki, lakini hakuwa na hakika kama amwandike mhalifu.

Shemeji, ambaye kiwanda kizima kilimwita Ngojangoja, alicheka kwa sauti. "Nilisema mimi! Kutu, siyo? Kule kuna unyevu, nilisema tungoje."

"Wewe hukutaka tuende kabisa."

"Sikutaka, na bado sitaki. Mtu hujui sheria zao, hujui fedha yao kesho itakuwaje, unapeleka roho yako yote? Lakini nikipinga, napinga mezani, mbele ya shemeji. Niliingia kuona tunachopeleka. Nilishika moja, nikaona aibu, maana likanipendeza."

Fundi Mkuu aliingia akifuta mafuta mikononi. Aliposikia habari aliinamisha kichwa. "Pole, Dada Mkaguzi. Najua umehangaika."

"Wewe uliingia kufanya nini?"

"Kuyang'arisha mara ya mwisho."

Saa sita mchana, Mkaguzi alikuwa amechanganyikiwa kuliko alivyoanza. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuwa pale, na hakuna aliyekana. Mmoja angefaidika mkataba ukipona, mwingine angefurahi ukifa, wa tatu ndiye aliyechaguliwa kwenda kuongoza tawi jipya huko nchi jirani kwa miaka miwili. Alitembea ukumbini kwenda na kurudi mpaka mfagizi akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Akili," alijibu. "Ukiiona niletee."

Akarudi mezani, akakata kufuli moja kwa msumeno, akaligonga juu ya karatasi nyeupe. Unga mweusi ukamwagika, kama wa penseli iliyochongwa. Akaukodolea macho. Kiwanda kiliacha kulainisha kwa unga miaka minne iliyopita. Siku hizi ni mafuta tu. Makufuli haya hayakuwa ya mwaka huu. Yalikuwa ya zamani, yakang'arishwa upya.

Alikwenda kwenye kabati la majalada na kufunua daftari za oda. Saa nane na nusu akaipata: miaka sita iliyopita, mwenye maghala ya nafaka aliagiza makufuli mia mbili ya ufunguo mmoja, asitembee na mzigo wa funguo. Pembeni pameandikwa: *Akiba, kumi na mbili.*

Basi Dalali hakuwamo. Alikuja mwaka jana tu, na akiba ile angeijulia wapi? Walibaki wawili. Mkaguzi akainua zile funguo kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa mpya, kingo bado kali, zimegongwa namba moja mpaka kumi na mbili. Kwa hiyo aliyebadilisha alijiandaa mapema: alichonga funguo, akazipa namba tofauti ili jicho lidanganyike. Ngojangoja hakuwahi kushika hata tupa ya kuchongea chuma maishani mwake.

Ndipo lilipomjia jambo lililomsumbua tangu asubuhi bila jina. Dalali aliuliza bei. Ngojangoja aliuliza kutu. Fundi Mkuu, aliyeyatengeneza kwa mikono yake, hakuuliza kwa nini yamekataliwa.

Saa kumi alasiri, Mkurugenzi, Mkaguzi na Fundi walikaa chumba cha upimaji, mlango umefungwa. Mkaguzi aliweka mezani unga, daftari na funguo, akaeleza kimoja baada ya kingine. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Yale halisi yako wapi?" Mkaguzi aliuliza.

"Kabatini kwangu. Nilishindwa kuyatupa."

"Miaka kumi na tisa!" Mkurugenzi alifoka. "Marehemu alikuita ndugu. Nani amekulipa?"

"Hakuna, mama." Fundi alitazama mikono yake. "Mama yangu anasahau. Mwezi uliopita mliponituma siku tatu, nilirudi akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Ilimchukua wiki kulikumbuka jina langu. Nikienda miaka miwili, nitarudi kwa mama wa nani?"

"Si ungeniambia!"

"Ulinitangaza mbele ya watu wote. Wakapiga makofi, wengine wakalia kwa furaha. Ningesimama niseme nini? Nilidhani wakikataa sampuli, safari itakufa kimyakimya. Sikufikiri kwamba lawama itaangukia saini ya dada."

Mkaguzi alitaka kumkasirikia, hasira ikaja nusu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mkurugenzi alisema polepole. "Ufundi mkuu umeuvua leo. Kama utabaki na kazi ya mkono, nitaamua Jumatatu. Nenda kwa mama yako."

Fundi alipotoka, Mkurugenzi alimpigia mnunuzi, akamweleza yote bila kupunguza, hata sehemu za aibu. Kisha mnunuzi akasema ataziona sampuli halisi, lakini zije na aliyezipima, azipime tena mbele yake. Na kama wataelewana, tawi litahitaji mtu ambaye hadanganyi.

Mkurugenzi aliweka simu chini. Alimtazama Mkaguzi, akafungua mdomo kama anayetaka kutangaza, akaufunga.

"Nyumbani kwako kuna nani?" aliuliza.

Mkaguzi alikuwa amefanya kazi pale miaka minane, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Mume, na mabinti wawili," alisema. "Na sampuli nitazipeleka. Hilo la tawi, mama, sijui. Kweli kabisa sijui."

"Basi kaa," Mkurugenzi alisema, akamvutia kiti. "Nieleze usichokijua."